Muafaka au kura? Kuamua mambo katika makazi ya pamoja

Katika makazi ya pamoja, mtindo ulioanzia Denmark, kila kaya ina nyumba yake, lakini ukumbi, jiko kubwa na bustani ni vya wote. Wakazi wenyewe ndio wanaoamua.

Kura ni ya haraka: hoja inasomwa, mikono inahesabiwa, basi. Ila kwa kaya 20, matokeo ya 11 kwa 9 yanaziacha kaya tisa zikibeba jambo zisilolitaka, na hao hao ndio wanaotegemewa kwa zamu za kupika na kufagia. Uamuzi unapita, kazi inalala.

Muafaka unataka subira. Pendekezo la maandishi lisambazwe wiki moja kabla. Kikaoni yaanze maswali ya ufafanuzi tu, yafuate mashaka, kisha marekebisho. Ndipo mwongoza kikao aulize: nani anakubali, nani hakubali ila hatapinga, nani anazuia? Aulize mmoja mmoja, kwa kuzunguka duara, maana anayenyamaza si lazima awe ameridhika.

Kwenye kuzuia ndiko mambo huharibikia. Mtu akizuia kwa kuwa tu hapendi rangi ya ukuta, wote wanakwama. Kizuizi kiguse lengo la jumuiya, na aliyezuia akae na walioandaa pendekezo watafute jipya.

Kwa fedha, mifugo na kanuni za kelele, muafaka ni bora kwa mbali. Tarehe ya kuzibua mfereji? Pigeni kura. Na vikao vitatu vikipita bila muafaka, theluthi mbili za kura ziamue, mradi sharti hilo liliandikwa kabla ya ugomvi.