Taa nyekundu ya vifaranga, wati 250: taa safi, kipimajoto chake ovyo

Nimeitumia taa hii wiki tano, Juni mpaka mwanzo wa Julai, hapa Mafinga, ambako miezi hiyo ukifungua mdomo alfajiri unatoa mvuke kama sufuria ya ugali. Nililea vifaranga mia moja wa Kuroila, wa siku moja. Miaka yote nilikuwa mtu wa chungu cha mkaa.

Taa inapasha kilicho chini yake, haipashi banda zima. Niliitundika kwa mnyororo, pembeni kidogo ya duara la hadibodi, ili upande mmoja uwe na joto, wa pili ubaridi, kifaranga ajichagulie. Maana yeye hawezi kujitunzia joto. Kuku mkubwa mwili wake hukaa kwenye nyuzi 41 hivi, iwe baridi liwe jua. Huyu mdogo ana vinyoya laini tu. Ukimwacha, anapoa kama chai kikombeni. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35 pale alipo, halafu unapunguza kama 3 kila wiki mpaka aote manyoya ya kweli.

Sasa hicho kipimajoto kilichokuja na taa. Usiku wa kwanza taa ilikuwa sentimita 60 juu ya maranda, kipimajoto kinasoma 34, nikaenda kulala roho kwatu. Saa nane nasikia kelele. Wamerundikana chini ya taa, wanapandana. Nikamwokota mmoja, nikamgusisha vidole vyake shavuni: baridi kama kijiko. Nikashusha taa hadi 45, lakini wanne wa chini walishakufa. Asubuhi nikatumbukiza kipimajoto kwenye kikombe kilichojaa vipande vya barafu na maji kidogo, ambako lazima kisome sifuri au karibu na hapo. Kikasoma 6! Muuzaji ananiambia, “Mama, hiyo ilikuwa zawadi tu.”

Tangu hapo nikawa nawasoma vifaranga wenyewe. Wakijibana, baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi, mabawa yameachana na mbavu, wanaungua. Kuku hatoki jasho, joto analitoa kwa kuhema. Wakilala wametawanyika kama mahindi yaliyoanikwa, rudi kitandani.

Umeme: saa 24 ni uniti 6 za LUKU. Baba watoto alikuwa anaichungulia mita kila asubuhi kama msimamo wa ligi. Wiki ya tatu nikaanza kuizima mchana jua likiwaka. Umeme ukikatika taa haibakizi joto hata kidogo, kwa hiyo chungu usikitupe, ila acha upenyo dirishani, moshi wa mkaa unaua kimya kimya. Na soketi iwe ya kauri. Yangu ya plastiki ilianza kunuka siku ya pili, na chini yake kuna maranda makavu.

Taa naipa nyota nne. Kipimajoto nakipa sifuri, ingawa chenyewe kitasoma sita.

Wengine mia wanakuja mwisho wa mwezi, watalelewa chini ya taa ile ile. Kipimajoto nimenunua duka lingine, na kabla sijalipa nilimwomba dada wa pale barafu.