Nilimlipia Karloff, nikauziwa mgongo wa mtu mwingine

Sura ya Boris Karloff, yule mwigizaji wa filamu za kutisha, imejaa kava zima la seti hii ya DVD, jina lake limeandikwa kubwa kuliko majina ya filamu zenyewe. Sasa fungua ndani umtafute. Nimempenda mzee huyu tangu nilipoiona Frankenstein ya 1931, kwa hiyo siwezi kukaa kimya watu wanapolifanyia jina lake biashara ya namna hii.

Hizi ni zile filamu nne za kutisha alizocheza mwaka 1968 kwa prodyuza wa Mexico, Luis Enrique Vergara. Nilianza na ile ya kisiwa cha watu wa nyoka. Karloff ni Van Molder, tajiri mwenye mashamba kisiwani. Akiwa amekaa kitini anaongea, unamsikiliza, unatulia. Mara picha inakata, mwanga unabadilika rangi, na huyo anayeitwa Karloff anatembea wima, mabega mapana, kamera inamkwepa uso. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Si yeye, jamani! Kavishwa mtu mwingine, nami niliyelipa naangalia mgongo wa mtu nisiyemjua.

Sababu yake inaeleweka, na ndiyo iliyonitia uchungu zaidi. Karloff alikuwa na miaka 80, mapafu yameharibika, hawezi kwenda mbali bila hewa ya oksijeni na kiti cha magurudumu. Jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi. Kumpeleka kule kungekuwa kumuua. Basi mwongozaji Jack Hill akampiga picha zake Los Angeles, mwongozaji mwenzake Juan Ibáñez akapiga zilizobaki Mexico, halafu vipande vikaunganishwa. Ndiyo maana kila mara amekaa au amelala. Kwenye ile ya jiwe linaloishi kwa kula hofu za wasichana, sehemu kubwa yuko kitandani. Nilichoona pale ni mgonjwa kweli, anatafuta pumzi katikati ya sentensi, na kamera haigeuki pembeni. Nikaisimamisha. Niliona aibu kumwangalia.

Na sijafika kwa muuzaji. Nakala aliyoniletea ni giza tupu, matukio ya usiku unasikia makelele tu hujui nani anamfukuza nani. Waigizaji wengi wameingiziwa sauti za Kiingereza, midomo imeshafunga na maneno bado yanatoka. Nikamwandikia kwa heshima, nikamweleza kasoro moja moja. Majibu yake: "Filamu ya zamani, mzee mwenyewe alishakufa, unataka nini zaidi?" Nataka nini zaidi? Nataka nione uso wa mtu niliyemlipia! Sikuomba hata nirudishiwe hela, niliomba nakala inayoonekana. Hakujibu tena.

Nilikuwa nimeshaamua kutoa nyota sifuri. Lakini usiku nikaweka ile ya nyumba ya wanasesere wanaoua, na hapo nikayumba. Karloff anapiga kinanda kikubwa, anawaangalia ndugu zake waliokuja kunusia urithi, na ile sauti yake, nzito, ya upole, yenye kithembe kidogo cha herufi s, inakufanya usogee karibu na skrini. Stori haina kichwa wala miguu na mapambo unayaona ni ya mbao nyembamba, lakini yeye hakudharau hata mstari mmoja. Anacheza kama vile kazi hii ndiyo kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Alitaka kuendelea na kazi mpaka mwisho, na Vergara alimpa kazi. Nani mwingine alikuwa anampa?

Hapana, alikuwepo. Mwaka huohuo wa 1968 ilitoka Targets ya mwongozaji Peter Bogdanovich, ambamo Karloff huyuhuyu, mgonjwa vilevile, anacheza mwigizaji mzee wa filamu za kutisha, na mwenye filamu ameuheshimu uzee wake, kaufanya ndiyo hadithi yenyewe. Kwa hiyo wasiniambie bajeti. Targets nayo ilitengenezwa kwa hela kidogo. Wale wa Mexico walijua wanachonunua: jina la kuweka kwenye bango. Mwigizaji mwingine wa filamu za kutisha, John Carradine, alipitia hukohuko kwa Vergara. Mwenzao Lon Chaney Jr. ndiye aliyenusurika Mexico, kwa sababu kwenye filamu ya kule La casa del terror ya 1960 alikuwa na Tin Tan, mchekeshaji mwenye kipaji kikubwa, na filamu inajua kabisa kwamba ni ya kuchekesha. Baadaye mtengeneza filamu Jerry Warren wa Marekani akaikatakata kuwa filamu nyingine, akamwondoa Tin Tan karibu yote. Huo nao ulikuwa ukatili.

Karloff alifariki Februari 1969. Walio wengi waliziona filamu hizi yeye akiwa ameshazikwa.

Nyota mbili. Basi tatu, maana mcheza dansi Tongolele anapocheza na nyoka kwenye ile ya kisiwa, kishungi chake cheupe kikimetameta, hata ile nakala mbovu ilishindwa kumfunika. Kwa muuzaji sitoi hata moja. Mwenye nakala safi, yenye sauti ya Kihispania, aniambie. Nitainunua hata kesho.