Feri ya Staten Island, New York: fungate ya Desemba bila nauli

Kwa maharusi wanaokwenda New York majira ya baridi, hakuna matembezi ya bei nafuu kuliko haya: bure kabisa, mchana na usiku. Anayekuuzia tiketi nje ya Whitehall, kituo cha feri upande wa Manhattan, ni tapeli, mpite tu.

Kufika hapo, pandeni treni namba 1 ya chini ya ardhi, mshuke kituo cha South Ferry. Desemba jua huzama mnamo saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo lengeni feri ya saa kumi. Safari ni dakika 25 hivi. Wakati wa kwenda kaeni kulia; Sanamu ya Uhuru hupita upande huo, nyuma yake mbingu nyekundu. Mkifika St. George, kituo cha feri upande wa Staten Island, lazima kila mtu ashuke, kisha mnazunguka kupanda tena. Kurudi, simameni mbele: maghorofa ya Manhattan yameshawaka taa.

Kasoro ni upepo. Nje unakata masikio, na chaji ya simu hushuka ghafla, hivyo iwekeni mfuko wa ndani wa koti. Madirisha ya ndani nayo hupata ukungu. Picha za huko hazifai.