Ramadhani ICTP Trieste: nilichokifuata hakimo kwenye video

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza wiki iliyopita: "Mwalimu, mihadhara ya ICTP si yote iko YouTube bure? Sasa mtu anafuata nini mpaka Italia?" Swali lake ni la haki. Na kwa kuwa mwezi huu nimeulizwa hivyo hivyo na wengine wanne, wawili wao walimu wa sekondari wanaotaka kurudi masomoni, nimeona nijibu mara moja kwa maandishi.

Kwa asiyeijua, ICTP ni Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia. Kipo Trieste, kaskazini mashariki mwa Italia, kwenye ukingo wa bahari ya Adriatiki. Kilianzishwa mwaka 1964 na Abdus Salam, Mpakistani ambaye baadaye, mwaka 1979, alipata Nobeli ya fizikia pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg. Sehemu kubwa ya gharama inabebwa na serikali ya Italia, na washirika wake ni UNESCO na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Mwaka mzima zinapishana shule fupi na warsha, za hisabati tupu, za tabianchi, za chembe ndogo kabisa. Mimi nilikwenda kwenye shule ya majira ya kuchipua, ile ya nadharia ya nyuzi, inayosema chembe za msingi ni nyuzi ndogo mno zinazotetema, na mambo yanayoizunguka. Ilikuwa Machi, na Ramadhani imeingia.

Safari ilianza vibaya, na kosa halikuwa la kituo. Wakala wa tiketi niliyemtumia Dar es Salaam, ambaye sitamtaja, alinikatia ndege ya kufikia Venice saa tano usiku, akaniambia ni hapo hapo tu. Si hapo hapo. Ni kama saa mbili kwa treni, na usiku ule sikupata treni tena. Nililala kwenye kiti cha uwanja wa ndege, begi mapajani, daku yangu ikawa tende nne na maji. Kwa hiyo ukipata nafasi, mwambie wakala wako kwamba Trieste ina uwanja wake wa ndege, uko Ronchi dei Legionari, na una kituo cha treni pale pale. Ikishindikana na ikabidi iwe Venice, basi ufike mchana.

Nilipangiwa Adriatico, nyumba ya wageni ya kituo iliyo Grignano, chini kabisa kwenye bandari ndogo ya mashua. Ukifungua dirisha unasikia kamba za mashua zinagonga milingoti. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia karibu na sauti hiyo, na asubuhi ya kwanza ilinipa utulivu ambao sikuutegemea. Kutoka pale hadi jengo kuu, linaloitwa Leonardo, unapanda kwa miguu kupitia bustani ya Miramare, chini ya miti mikubwa, ile kasri nyeupe ya Maximilian wa Austria ukiwa umeiacha nyuma baharini. Mlima ni mkali. Halafu kuna upepo wao wa kaskazini mashariki wanaouita bora, unaoshuka toka nchi kavu kwenda baharini na unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Siku ya pili ulikuja, ukaning'oa mtandio pale juu ya ngazi. Beba koti la kweli. Sweta ya Lushoto haitoshi.

Sasa mihadhara yenyewe. Ni ya kiwango cha juu, na wanaofundisha ni watu ambao makala zao ndizo unazisoma. Wengi bado wanatumia chaki, na hilo nililipenda kuliko nilivyotarajia, maana mkono unaoandika unakwenda kwa kasi ambayo akili ya msikilizaji inaweza kuifuata. Washiriki wanakatiza. Kijana wa mwaka wa kwanza wa uzamivu ananyoosha mkono na kusema hiyo alama ya kutoa si sahihi, profesa anasimama, anaangalia, anafuta, anashukuru, somo linaendelea. Hakuna aliyenuna. Nilitoka kwenye mfumo ambao swali kwa mhadhiri linaanza na kuomba radhi mara mbili, na nilikaa siku nzima nikiitazama ile hali tu kabla sijanyoosha mkono wangu.

Lakini hata hayo, ukitaka, utayaona kwenye video. Kilichonipeleka, bila mimi mwenyewe kujua, kilikuwa kwenye mapumziko.

Siku ya tatu asubuhi wenzetu waliteremka kwenye kahawa. Kahawa ni jambo kubwa Trieste, ukitaka kahawa kali ya kikombe kidogo unaagiza nero, ukitaka yenye maziwa kidogo unaagiza capo. Sisi tuliofunga tukabaki juu. Kwenye chumba kidogo chenye ubao tukajikuta wawili, mimi na dada mmoja wa Kialjeria, mtafiti aliyemaliza uzamivu miaka miwili nyuma. Akaniuliza nashughulika na nini. Nikamwambia, kisha nikamtolea donda langu la miaka mitatu, ile jumla ya 1+2+3+4 na kuendelea bila mwisho, ambayo vitabu vya nyuzi vinaiandika kuwa ni hasi 1/12.

Nilikuwa naifundisha. Wanafunzi wananiuliza jumla ya namba chanya inakuwaje hasi, nami nawapa jibu la kitabuni, la kuihamisha fomyula kutoka eneo moja la namba changamano hadi jingine. Jibu ni sahihi. Ila moyoni sikuwa nimelipokea, na mwanafunzi anamjua mwalimu anayesema asichokiamini.

Yule dada akachukua chaki. Akasema tusiijumlishe hivyo hivyo ilivyo. Kila namba tuizidishe na kitu kinachoizima polepole kadiri inavyokua, na nguvu ya hicho kizimaji tuipe jina, epsiloni. Ghafla ikawa jumla ya kawaida kabisa, inayotokana na mfululizo wa kijometri ambao mwanafunzi wa kidato cha sita anauweza. Akanikabidhi chaki. "Malizia wewe."

Nikamalizia. Kwanza kikatoka kipande cha 1 juu ya epsiloni mraba, ambacho kinalipuka epsiloni ikienda sifuri. Kikafuata hasi 1/12, imekaa pale imetulia, wala haijali epsiloni ni ngapi. Vilivyobaki vyote vinayeyuka. Akakizungushia duara kile kinacholipuka. "Hiki kinakua sawasawa na urefu wa uzi," akasema. "Unakifuta kwa kurekebisha nishati ambayo uzi ulikuwa nayo tangu mwanzo. Hicho kingine huna pa kukipeleka." Nilirudi nyuma hatua mbili, nikautazama ubao.

Tukaendelea. Chukua uzi ulio rahisi kuliko wote, wa kibosoni, yaani unaozaa chembe za jamii ya bosoni tu, kama zile za mwanga. Kila upande ambao uzi huo unaweza kutikisikia unachangia nusu ya hasi 1/12, yaani hasi 1/24. Nadharia ya uhusianifu ya Einstein inataka hali ya kwanza ya mtetemo isiwe na tungamo, na hilo linadai michango yote kwa pamoja iwe hasi 1. Basi pande ni 24. Ongeza muda, ongeza upande mmoja wa urefu wa uzi, unapata dimensheni 26. Namba 26 nilikuwa naijua toka uzamili. Siku ile niliiona inakuja.

Ilituchukua dakika ishirini na tano hivi, wenzetu wakarudi na harufu ya kahawa kwenye nguo. Mimi nilikuwa na chaki mpaka kwenye kiwiko. Jioni tulifuturu pamoja pale Grignano, yule Mwaljeria, vijana wawili wa Pakistani, Msudani mmoja na mimi, tende zangu za Dar es Salaam, mkate, na tambi za kantini, na hesabu ikaendelea juu ya karatasi ya kufutia mikono.

Baada ya hapo ndipo nilipoielewa historia ya mahali pale. Salam alirudi kwao Lahore mwaka 1951 kufundisha, ana kichwa kilichoiva kutoka Cambridge, akakuta hana hata mtu mmoja wa kujadiliana naye fizikia. Chuoni alipewa kazi ya kusimamia timu ya mpira. Mwaka 1954 akaondoka kurudi Uingereza, kwa sababu aliona lazima achague, nchi yake au fizikia. Kituo hiki alikijenga ili wanaomfuata wasilazimishwe kuchagua. Ndiyo maana, pamoja na hizi shule fupi, kuna mpango wa washirika ambao mtafiti wa nchi inayoendelea anabaki kwao, anafundisha kwao, lakini anapewa nafasi ya kwenda Trieste mara kadhaa, akakae na watu wa fani yake, kisha arudi. Kituo kilipewa jina lake mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake.

Mimi idara yangu ina walimu wazuri, lakini hakuna mwingine anayefanya kazi kwenye nyuzi. Nadharia ya kwanta ya uga, ile inayoeleza chembe ndogo kabisa na nguvu zake, nilijifunza kwa kurasa mia tatu nilizochapisha stesheneri ya nje ya geti, usiku, peke yangu. Ukisoma peke yako kwa miaka, makosa yako yanakuwa mazoea, na hakuna wa kukuambia.

Simshauri kila mtu aombe shule hii niliyokwenda. Mwendo wake ni wa kasi. Kama hujapita kozi nzima ya nadharia ya kwanta ya uga, na kama uhusianifu wa jumla, ile nadharia ya Einstein ya mvutano, bado ni jina tu kwako, utaachwa siku ya kwanza, saa nne asubuhi, na wiki nzima utakuwa unanakili. Mimi nilijiandaa miezi mitatu na bado mhadhara wa mwisho wa kila siku ulinipita nusu. Jaza jioni zako kwa kurudia, achana na kwenda mjini mpaka Jumamosi. Mji ni mzuri, basi namba 6 inakufikisha, lakini utausubiri.

Kwa aliyemaliza shahada na anaona kuna pengo kati yake na uzamivu, kinachomfaa zaidi ni ile Diploma yao ya baada ya shahada. Ilianza mwaka 1991, inachukua mwaka mmoja, na wanaochaguliwa kutoka nchi zinazoendelea wanagharamiwa. Unakaa, unafanya mazoezi, unasahihishiwa, unaandika tasnifu. Ningeijua nikiwa na miaka 23 ningeiomba mara tatu.

Na kwa sisi wa huku kuna mlango wa karibu zaidi. Tangu mwaka 2018 ICTP ina taasisi dada Kigali, EAIFR, yaani Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Kimsingi, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, inayotoa uzamili na uzamivu wa fizikia na kuandaa shule fupi. Kigali unafika kwa basi kupitia Rusumo, na mtu wa Afrika Mashariki haombi viza ya Schengen, ile ya kuingia Ulaya. Nashangaa bado ni wachache wanaoifahamu vyuoni kwetu.

Kuhusu maombi: shule nyingi za Trieste hazina ada. Unaomba mtandaoni, miezi kadhaa kabla, kwa wasifu, maelezo ya unachokifanyia kazi na mara nyingi barua ya mapendekezo. Kwenye fomu wanauliza kama unahitaji msaada wa nauli na malazi. Sema ukweli, sema ndiyo, usione haya, fedha hiyo iliwekwa kwa ajili yako. Barua ya mapendekezo iombe kwa mtu anayeijua kazi yako, hata kama cheo chake ni kidogo. Ya mkuu wa kitivo asiyekujua haina uzito. Na viza ianze siku ile ile ya barua ya mwaliko, usingoje wiki.

Yule mwanafunzi wangu nimempa anwani ya fomu ya Kigali. Alhamisi saa kumi, baada ya swala ya alasiri, tunakutana yeye, wenzake sita na mimi kwenye chumba cha mwisho cha korido yetu, kile chenye ubao mrefu. Nimenunua boksi mbili za chaki. Jumla ya 1+2+3 nitaianzisha mimi, nitafika kwenye kizimaji, kisha nitampa yeye aendelee.