TAHADHARI: Madumu ya "maji ya betri" yaliyonichemshia gari kwenye mlima Kitonga

Wandugu wenye magari, hasa nyie mnaochanganya kulanti (ile dawa ya kwenye rejeta ya kupooza injini) wenyewe au mnamwachia fundi akaleta maji anayojua yeye, naomba mlisome hili lote. Mimi limenila laki nane na nusu na siku hiyo nilikuwa na mama yangu ndani ya gari.

Mwezi wa kwanza fundi wangu aliniambia gari yangu, Toyota Spacio, imekaa na maji ya bomba muda mrefu, tumwage tuweke kulanti. Nikanunua ile nyekundu kali, ambayo haijachanganywa, unatakiwa uweke nusu kwa nusu na maji. Ile niliinunua sehemu ninayoiamini na haina shida. Shida ni maji. Nilishaambiwa usiweke ya kisima wala ya bomba, weka maji ya betri, yale yaliyopikwa yakawa mvuke yakarudishwa kuwa maji, kwa hiyo hayana chumvi ndani. Karibu na kwangu kuna duka la spea, nje wamepanga madumu ya lita 5, yana lebo nzuri ya bluu imeandikwa maji ya betri na rejeta, kifuniko kina nailoni, elfu sita. Sheli kwa chupa za lita moja moja ningelipa karibu mara mbili, nikabeba dumu.

Sasa kofia yangu ya rejeta ilikuwa imechoka, maji yanapungua taratibu, na mimi badala ya kubadilisha kofia nikawa naongeza tu kila baada ya wiki mbili. Mpaka mwezi wa tisa nilikuwa nimemaliza madumu mawili na la tatu liko kwenye buti.

Tukasafiri kwenda Mafinga. Mnaoijua ile njia mnajua ukitoka Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni kuna joto, alafu ndo unaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori, gia ya chini, huwezi kupita na huwezi kusimama hovyo maana upande mmoja ukuta upande mwingine korongo. Nikaona mshale wa temprecha umevuka katikati, nikazima AC nikawasha hita ya moto mpaka mwisho, ukashuka kidogo, kona mbili mbele ukapanda wote na moshi mweupe ukatoka kwenye boneti. Nikajibanza pembeni. Kijana wa lori akaja mbio kusaidia na kitambaa mkononi anataka kufungua kofia ya rejeta, nikamshika mkono, maana maji yale yako juu ya nyuzi 100 na yamebanwa, ukifungua yanaruka yote usoni. Tukasubiri karibu saa nzima, mama kakaa kwenye jiwe anasali.

Tulivutwa hadi Ilula. Fundi alipofungua, ndani ya rejeta mlikuwa na tope jeupe lenye wekundu, zito kama uji, mirija ya chini yote imeziba. Wota pampu, ile inayosukuma maji kwenye injini, mabawa yake yameliwa, gasketi ya hedi (sehemu ya juu ya injini) imeungua. Kitu cha kwanza aliniuliza, "Dada yangu, humu unaweka maji gani?" Nikamwonyesha dumu kwa kujiamini kabisa. Akachukua kijiko cha bati, akamimina kidogo, akakiweka juu ya jiko lao la mkaa la chai. Yalivyokauka kikabaki kitu cheupe kijiko kizima, ukikigusa kinakwaruza kama chumvi. Akasema maji ya betri ya kweli yakikauka hayaachi kitu.

Niliporudi Dar nikaenda kwa jamaa anayeuza maji ya kunywa ya dumu, ana kile kipimo cha kijiti kinachosoma chumvi ndani ya maji. Chupa ya sheli ilisoma 3. Dumu langu lilisoma 1,160. Hayo ni maji ya kisima kirefu cha pwani, yale yale ambayo sabuni haitoi povu! Nikaenda dukani bila kusema kitu, nikazunguka uani nikijifanya naulizia choo, nikamkuta dogo ana mpira kutoka kwenye simtenki anajaza madumu, pembeni ana nailoni za vifuniko na kiberiti cha gesi cha kuzibana. Nilivyomuuliza mwenye duka akanijibu, "Dada, maji ni maji, watu wanachukua kila siku na hawalalamiki."

Maji sio maji jamani. Ya kisima yana madini ya kalisi na magnesi, yakipata moto yanaganda kuwa ukoko mweupe kama unaouona ndani ya birika, na kwenye injini yanagandia pale penye moto mkali zaidi, kwenye hedi, pale pale unapohitaji kupoozwa. Magari yetu mengi ni ya Japani na kulanti zao nyingi zina fosfeti ya kulinda aluminiamu, sasa hiyo fosfeti ikikutana na kalisi inageuka tope, kwa hiyo ile dawa uliyonunua inaharibika na rejeta inaziba kwa pamoja. Alafu chumvi yenyewe inakula aluminiamu inatoboa vishimo, na injini hizi za Toyota za NZ bloku na hedi vyote ni aluminiamu. Wala huoni dalili mapema, mimi miezi minane gari ilikuwa inaenda vizuri tu.

Nilipoanza kumshuku yule mwenye duka nikanunua na zile chupa zake za kulanti "tayari kwa kumimina" za kijani, nikaziweka kwenye friza ya nyumbani usiku mzima kwenye kopo nililoziba na kuandika SUMU. Asubuhi barafu ngumu kama jiwe. Kulanti ya kweli ya nusu kwa nusu haigandi mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, friza ya nyumbani inafika kama 18 tu, kwa hiyo ikiganda jiwe umeuziwa maji ya rangi. Kipimo hicho ni kwa ile iliyokwisha kuchanganywa, ile kali usiipime hivyo maana ikiwa peke yake inaweza kuganda hata ikiwa nzima. Na naomba sana, kulanti ni sumu yenye utamu, kama mililita 100 zinaweza kuua mtu mzima, usiiweke kwenye chupa ya soda mahali watoto wanafika.

Kingine, ukienda dukani ukasema tu "nipe maji ya betri" kuna anayekupa asidi, kwa sababu kwa wengine zote mbili zinaitwa hivyo na zinakaa shelfu moja. Soma lebo, angalia nembo ya TBS (Shirika la Viwango), mwambie ni ya kuongezea na sio ya kuanzishia betri mpya. Asidi ikiingia kwenye rejeta imekwisha.

Kama umekwama njiani maji yanavuja, weka yoyote masafi uliyonayo, hata ya kunywa, ufike, alafu ukifika mwaga weka sawa. Ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima, ila ya kwenye bati yana vumbi na kutu. Na wanaosema Dar hakuna baridi tuweke maji ya betri peke yake, hapana, bila kulanti hakuna kinachozuia kutu na yanachemka mapema. Kulanti kali peke yake nayo haipoozi vizuri, maji ndo yanabeba moto.

Kama una dumu la hivi nyumbani, chemsha kijiko kimoja leo hii mpaka kikauke. Kikibaki cheupe na ulishaweka kwenye gari, subiri injini ipoe kabisa, fungua koki ya chini ya rejeta umwage, jaza maji ya betri ya uhakika, washa hita, acha injini iungurume mpaka feni iwake, zima, ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke masafi. Gari yangu ndogo inachukua karibu lita 6 na sio zote zinatoka ukifungua koki, yanabaki kwenye bloku, kwa hiyo tanguliza kulanti kali lita 3 kwanza, ndo umalizie na maji ya betri hadi ijae. Na kofia ya rejeta ikichoka nunua mpya yenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake.