Karoti za winta: uziache ardhini ama uzing'oe uweke kwa mchanga?
Wenye mko Minnesota na kabustani nyuma ya nyumba, Novemba ndo hii. Kuziacha ardhini raha yake ni utamu, baridi inageuza wanga kuwa sukari, unafunika tu na nyasi kavu kama sentimita 30 kabla udongo haujaganda, ila panya wa shambani nao wanapenda joto la huko chini watazila kabla yako, na Januari kuchimba huo udongo ni kama kuchimba lami. Kung'oa ni kazi ya mara moja: kata majani, usioshe, panga kwa ndoo ya mchanga wenye unyevu kidogo, weka besimenti penye nyuzi 0 hadi 4 za Selsiasi. Mi ni wa ndoo. Bitiruti (usijaribu kuziacha!) zinatokeza juu ya udongo, zinaungua na baridi haraka.