Gari ya kwanza kwa hela ya mwanafunzi Dar: nimezipanga kuanzia ya kununua mpaka ya kukimbia

Mdogo wangu, kama umebana bumu (hela ya mkopo wa chuo) miaka miwili, ukaongezea na hela ya kuuza mitumba pale hosteli, sasa una kama milioni 6 na kichwani kuna gari tu, naomba usome hii kabla hujampigia dalali yeyote. Mimi nilinunua Vitz nikiwa mwaka wa tatu, nilizunguka karibu miezi mitatu Tabata, Mbezi, Kigamboni mpaka Mbagala, nimekagua magari zaidi ya ishirini, na rafiki yangu niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alipoteza hela yake yote kwenye gari aliyoendesha wiki tano tu ikachemka, ikafa. Roho iliniuma sana maana ile hela niliona alivyoitafuta.

Tuanze na hesabu maana hapa ndo wengi wanapoumia. Bumu ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23, zamani ilikuwa 8,500. Petroli Dar inachezea buku tatu kwa lita, EWURA (wale wanaosimamia bei za mafuta) wanatangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, inapanda inashuka. Sasa chukua unakaa Mbezi Mwisho unasoma chuo kikuu pale Mlimani, kwenda na kurudi ni kama kilomita 30. Kagari ka cc 990 kwenye foleni ya Morogoro Road weka kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo ni lita mbili na nusu, 7,500 hiyo imeenda. Imebaki 2,500 ya kula kutwa nzima. Kama huna kitu kingine kinachokuingizia hela pembeni, gari itakuwa inalala chini ya mwembe na wewe unapanda mwendokasi kama kawaida.

Halafu kingine, ukiwa na milioni 6 usitafute gari ya milioni 6. Tafuta ya 4 mpaka 4 na nusu, nyingine iache benki usiiguse. Hapo kuna bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga tu (mimi nililipa 118,000), kuna kuhamisha umiliki, kuna matairi maana anayeuza gari huwa haweki matairi mapya, kuna servisi ya kwanza, na kuna kile kitu ambacho siku ya kukagua hukukiona na lazima kiwepo. Rafiki yangu alikuwa na 5.5 akanunua gari ya 5.5. Rejeta ilipoanza kuvuja ilihitaji hela ndogo tu lakini hakuwa nayo, akawa anaongeza maji ya bomba kila asubuhi anaendelea nayo, siku moja pale Ubungo mshale wa joto ukapanda juu hakuuona, silinda hedi ikapinda.

Na dalali atakuimbia namba. "Hii ni namba D kaka, hii sio ya kuuliza." Herufi ile ya kwenye kibao cha namba (ilianza A, zikafuata B, C, D) inakwambia gari imesajiliwa lini hapa kwetu, basi, haikwambii imetengenezwa lini wala imetunzwaje. Unaweza kukuta Starlet ya mwaka 1997 ina namba C na nyingine ya mwaka huohuo ina namba A, chuma ni kilekile kimoja, tofauti ya bei laki nane. Mimi namba B yenye mmiliki mmoja naichukua mbele ya namba D iliyopita mikono mitano, na sitabadilisha mawazo hapo.

Haya, orodha yangu.

Namba 1 ni Vitz ya zamani, zile zilizotengenezwa 1999 mpaka mwanzoni mwa 2005, injini 1SZ cc 997. Kwa milioni 4 hivi mpaka 5 unaipata iliyosimama vizuri kama huna haraka. Injini yake inatumia taimingi cheni, sio belti ya kubadilisha kila baada ya muda, kwenye mafuta ni mpole, spea zimejaa Kariakoo na Gerezani mpya na used, na kila fundi wa chini ya mti ameshaifungua. Ugonjwa wake unaojulikana ni ile spidi mita ya katikati ya dashibodi, namba zinafifia au zinazima kabisa, fundi umeme anachomea risasi inarudi, usiogope hiyo ila itumie kushusha bei. Kagua shokapu za mbele na bushi, piga kona mpaka mwisho taratibu usikilize, ikigonga ka-ka-ka ni CV joint, kile kiungo kinachozungusha tairi la mbele. Sema usichanganye na Vitz iliyofuata, ya 2005 kuja juu, zile za cc 1300 nyingi ni CVT, otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, na hiyo giaboksi ina oili yake maalum, kuna watu wamemwagiwa oili ya kawaida ya otomatiki gereji, kugeuka huku na huku giaboksi imekufa. Ukiuziwa hiyo uliza mapema waliweka oili gani, akibabaika ondoka.

Namba 2 Starlet. Ndo rahisi kuliko zote, injini 4E cc 1331, ni gumu hili dude, mzee wangu alikuwa nalo Morogoro tangu niko darasa la pili. Shida ni umri tu. Za mwisho kutengenezwa ni 1999, kwa hiyo unanunua gari ambayo pengine ni kubwa kuliko wewe, kutu imekula chini, raba za milango zimeisha, mvua ya masika maji yanaingia miguuni. Hii ina taimingi belti, kama muuzaji hajui ilibadilishwa lini wewe ihesabu kama haijabadilishwa. Lala chini kabisa kwenye mkeka uangalie sakafu na pale tairi ya spea inapokaa, gonga kwa kidole, ukisikia sauti ya kadibodi badala ya bati hapo wamejaza pati (ile ya kuziba mashimo ya bodi) wakapuliza rangi juu.

Namba 3 Corolla 110. Hii nawaambia hasa wale wanaosoma Dodoma, Mbeya au Iringa, safari ndefu na barabara za vumbi, au wale ambao wikiendi wanabeba mizigo ya biashara. Buti kubwa, inakaa barabarani kuliko bebi woka (hivi vigari vidogo), ukipata manyuo (gia za mkono) yenye injini 5A cc 1500 utakaa nayo. Mafuta inakunywa zaidi ya Vitz na kwa foleni za Dar utaisikia mfukoni, ndo maana nimeishusha mpaka hapa.

Namba 4 Passo. Najua wengi mlitaka iwe ya kwanza, ni nzuri kwa kuangalia, ya cc 996 injini yake ni silinda tatu kwa hiyo ikiwa imesimama inatetemeka kidogo, huo sio ugonjwa. Lakini kwa hela yetu Passo tunayoweza kununua ni ile iliyochoka. Ya kawaida inauzwa juu zaidi, sasa ukiona Passo kwa milioni 4.2 jiulize mwenzako anakimbia nini. Nilienda kuangalia moja Kigamboni, nyeupe, rangi inang'aa, ndani wamepuliza manukato mpaka pua inawasha. Fundi wangu hakuangalia injini kwanza, alikaa kiti cha nyuma akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, ule utepe unaobaki umejificha ndani, ukatoka na mstari wa tope kavu la kijivu. Akainua zulia, chini kuna mchanga mwembamba na skrubu za kiti zina kutu. Ile gari ilizama kwenye maji. Dar hii mvua zikija tunajua Jangwani na bonde la Msimbazi panavyokuwa, magari yanaogelea, yakikaushwa yanaoshwa yanapelekwa sokoni, na nyaya zake zinaendelea kuoza taratibu, leo taa kesho sensa. Vuta mkanda, haichukui hata dakika.

Namba 5 IST. Ukiweza kufika milioni 9 au 10 hii ingekuwa ya kwanza, ipo ya cc 1300 na ya cc 1500, zote zina cheni na hazina maneno mengi. Ila kwa hela ya mwanafunzi zinazoletwa ni zile zilizopiga kazi ya Bolt na Uber mchana na usiku. Dalili unazijua ukitulia: kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango, viti vya nyuma vimechoka kuliko cha abiria wa mbele, kwenye dashibodi kuna alama ya gundi ya kushikia simu, halafu odomita inasoma kilomita elfu 80. Hapana.

Nissan March, Suzuki Alto na Swift sio gari mbaya, spea tu ndo utazunguka nazo, ukiwa mkoani ndo kabisa. Nimeziacha kwa sababu hiyo tu.

Sasa za kukimbia. Yoyote yenye D-4 kwenye kava la injini, utaziona kwenye Vista na Corona Premio za cc 2000, bei yake inavutia sana na ndo sababu inavutia: pampu yake ya mafuta ni ya presha kubwa, haipendi mafuta machafu, ikiharibika gharama yake inalingana na ada yako. Altezza na Mark II, najua vijana mnazipenda, mimi pia nazipenda, nyingi ni cc 2000 silinda sita, kwa bumu ya 10,000 hiyo gari utaisukuma. Na gari za Ulaya, BMW ya zamani au Golf, unaikuta bei sawa na Vitz na ni tamu kuendesha, lakini sensa moja ikifa unaagiza, unasubiri, na fundi wa kweli ni wachache na hawachukui hela ya chips.

Kukagua. Mwambie muuzaji unakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi na asiwashe gari. Ukifika, kabla ya salamu kuisha weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto ameshaiwasha mapema, kuna kitu anaficha, injini yenye shida inasema ukweli ikiwa ya baridi. Fungua kifuniko cha oili, ukikuta utelezi kama chai ya maziwa maji yamechanganyika na oili, funga, aga. Washa, mtu mwingine akae nyuma ya ekzosi, moshi wa bluu unaoendelea maana yake inakula oili. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake kwanza halafu izime baada ya injini kuwaka, isipowaka kabisa mwanzoni wameitoa makusudi. Angalia vioo vya pembeni na vya madirisha, wengi tunachonga namba ya gari kwa kuogopa wezi, kioo kimoja kikiwa na namba ya gari nyingine uliza upande huo uligongwa lini. Na nenda na fundi wako mwenyewe, mlipe hata elfu 40 na nauli, sio fundi wa dalali ambaye anasubiri chake ukishanunua.

Makaratasi nayo. Kadi ya gari iwe orijino, jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha NIDA cha huyo anayeuza, namba ya chesisi na ya injini uzisome mwenyewe kwenye chuma, sio kwenye picha ya WhatsApp. Akikwambia kadi ipo kwa mtu, mara nyingi imewekwa dhamana ya mkopo, usitoe hata laki ya kushikilia. Angalia deni la trafiki kwa namba ya gari, kila kosa ni 30,000 na kuna magari yana makosa kumi na kitu, deni alipe yeye au likatwe kwenye bei. Mkataba muandikie kwa wakili, hela ipite benki, na uwe na TIN yako (namba ya mlipakodi) tayari ili mkitoka hapo mnaenda TRA, mamlaka ya mapato, siku hiyohiyo kuhamisha umiliki, usikubali ile ya "tutafanya wiki ijayo", maana gari ikigonga mtu au yeye akidaiwa, kwenye kadi bado ni yake na wewe unaonekana umeazima.

Yangu niliipata Tabata kwa mwalimu mmoja mama wa makamo aliyekuwa anakaribia kustaafu anarudi kwao. Bampa ya nyuma ilikuwa na mchubuko mrefu, redio haisikiki, vijana wawili walikuja kabla yangu wakaikataa kwa ajili hiyo. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, servisi huwa unafanya wapi?" Akaingia ndani akatoka na kaunta buku ya kijani, tangu ameinunua mwaka 2011 kila oili iliyobadilishwa kaandika tarehe, kilomita, bei na jina la fundi, mwandiko wa ubaoni kabisa. Sikutafuta gari nyingine. Alitaka 4.6, tukaelewana 4.3 kwa sababu ya matairi mawili ya mbele. Siku ya kukabidhiana alinipa kadi, funguo mbili na ile kaunta buku, na jioni yake nikaandika mstari wangu wa kwanza chini ya wa kwake: kilomita 148,210, oili, filta, plagi nne, 165,000.